Mshale Ukilala Kitonga

Nimewahi kufumua injini nzima isiyokuwa na kosa, na nimewahi kuua injini niliyoapa kwamba haina kosa. Zote mbili zilianza vilevile: mshale wa presha ya oili ulilala upande wa sifuri.

Ya kwanza ilikuwa Fuso ya kubeba mbao kutoka Mafinga kwenda Dar es Salaam. Tulikuwa tunarudi, tumemaliza kupanda mlima wa Kitonga, mshale ukaanza kushuka polepole, na tulipofika Ilula ulikuwa umelala kabisa. Injini haikugonga wala haikutoa moshi wa ajabu. Tukaivuta hadi gereji moja ambayo sitaitaja. Fundi akafungua kifuniko cha kujazia oili, akachungulia ndani kana kwamba beringi zinaonekana kutokea juu, akasema, "Bosi, hapa beringi zimekwisha. Tushushe." Tukashusha. Beringi, ringi, gasketi zote, na ufundi. Fedha ambayo kijijini kwetu ingenunua ng'ombe wanne. Gari likakaa juu ya mawe siku kumi na tisa. Siku ya kuwasha, mshale ukalala palepale.

Ndipo nikaenda kwa mzee mmoja pale Ipogolo, nikiwa na aibu ya mtu aliyekwenda kwa mganga kabla ya hospitali. Akaitoa sensa, akafunga mahali pake geji ya mkono yenye mpira mrefu, akaniambia niwashe. Bar 4. "Injini hii haikuwa na ugonjwa, mwanangu," akasema. "Mgonjwa ni huyu," akanionyesha sensa kiganjani, kitu kidogo tu kama kizibo cha chupa.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa na Scania iliyokwishatembea zaidi ya kilomita laki tisa. Tukiwa na mzigo wa Tunduma, mshale ukalala tulipopita Chimala. Nikacheka. "Sensa hiyo," nikamwambia utingo wangu, na nikamsimulia habari za Fuso mpaka akacheka na yeye. Tulipita Igurusi tukicheka. Kabla ya kufika Inyala injini ikaanza kugonga kama mtu anayetwanga kisamvu, na hatukufika mbali. Konrodi ilikuwa imetoboa bloku, na oili imechora mstari mweusi nyuma yetu barabarani.

Kwa hiyo ninapoandika habari ya presha ya oili kwa wenzangu wenye malori ya zamani, siandiki kama mtu aliyefaulu. Ninachojua ni hiki: geji ya kwenye dashibodi inauliza swali tu, na anayejibu swali hilo bila kupima anacheza kamari. Anayesema "beringi" na anayesema "sensa" wamekosea kosa moja.

Tuanze na presha yenyewe ni nini, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapopotelea. Pampu ya oili haitengenezi presha. Pampu inasukuma oili, basi. Presha huzaliwa pale oili inapozuiwa kupita. Nenda Ilula msimu wa nyanya, simama karibu na mkulima anayemwagilia kwa pampu ya petroli na mpira mrefu. Mpira ukiwa mzima na mdomo wake umebanwa, maji yanaruka mbali. Mpira ukipasuka mahali pawili, mdomoni yanadondoka tu, ingawa pampu ni ileile na inanguruma vilevile. Ndani ya injini, mianya iliyopo kati ya kranki na beringi zake ndiyo midomo ya mpira. Mianya ikipanuka kwa kuchakaa, oili inatoka kirahisi na presha inashuka. Tena haishuki kwa heshima: mwanya ukiwa mara mbili ya ulivyokuwa, oili inayopenya pale huongezeka kiasi cha mara nane. Ndiyo maana lori linaweza kukaa miaka na presha nzuri, halafu likamalizika ndani ya safari chache.

Jambo la pili ni wepesi wa oili. Oili ya 15W-40, ambayo wengi wetu tunaitumia, ikifika joto la nyuzi 100 huwa nyepesi kiasi cha mara saba kuliko ikiwa na nyuzi 40. Sasa fikiria barabara yetu. Mwezi wa Julai, saa kumi na mbili asubuhi, umelala Mafinga, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Unawasha gari umejifunga blanketi, oili ni nzito kama asali, mshale unaruka hadi bar 5 au zaidi. Mchana wa siku nyingine uko Ruaha Mbuyuni kwenye joto la bondeni, unakabidhiwa mlima wa Kitonga na tani zako mgongoni, gia ya chini, feni inapiga kelele muda wote. Ukifika juu na kuondoa mguu kwenye mafuta, injini ileile inaonyesha bar 1.5. Haijaugua. Dereva mgeni huogopa Kitonga na kufurahi Mafinga, wakati Mafinga ndiko mshale unakodanganya zaidi. Presha ya asubuhi ya baridi haikuambii lolote kuhusu beringi. Hata injini iliyokwisha huwa nayo.

Basi kiwango ni kipi? Kitabu cha injini yako ndicho mwamuzi, na kama huna, mtafute mwenye nacho, maana hazifanani. Kwa kukisia, madereva na mafundi wa dizeli duniani kote hutumia hesabu ya PSI 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini ikiwa ya moto, yaani bar 0.7 hivi. Injini nyingi kubwa za malori zikiwa moto na kwenye mwendo wa kazi hukaa kati ya bar 3 na 6, na zikiunguruma bila kukanyagwa huvumilia kushuka hadi karibu bar 0.7. Angalia pia geji yako imeandikwa kwa kipimo gani. Bar 1 ni PSI 14.5, na kwenye magari ya Kijapani unaweza kukuta kilo kwa sentimita ya mraba, ambayo iko karibu sana na bar. Nimeshashuhudia watu wawili wakibishana nusu saa Makambako, mmoja anasema 40 na mwingine anasema 3, na wote wako sahihi.

Kuhusu ile taa nyekundu yenye alama ya kibirika kinachodondosha tone, usiichukulie kama onyo la mapema. Swichi nyingi za taa hiyo hufungwa pale presha inaposhuka chini ya nusu bar hivi. Taa ikiwaka na injini inazunguka kwa kasi, beringi tayari zinasuguana chuma kwa chuma. Mshale ni homa; taa ni kukata kauli.

Ikikuwakia ukiwa njiani, simama. Lakini simama kwa akili, na hili nalisema kwa uzito kwa sababu ya milima yetu. Kama uko kwenye mteremko wa Kitonga au ule wa Inyala, usizime injini gari likiwa linatembea. Ukizima, usukani unakuwa mgumu na upepo wa breki haujazwi tena, na hapo utakuwa umeokoa kranki ukapoteza watu. Teremka kwa gia ya chini, usikanyage mafuta, tafuta pa kuegesha, weka kigingi cha jiwe kwenye tairi, weka pembetatu, ndipo uzime. Injini inauzwa.

Ukishazima, subiri dakika kumi hadi kumi na tano ili oili irudi kwenye sampu, kisha chomoa dipstiki gari likiwa mahali pa usawa. Kitonga hakuna pa usawa, na dipstiki iliyopimwa kwenye mlima inasema uongo mtupu. Vumilia hadi upate sehemu, hata kwa kuvutwa. Nimeona kisa ambacho mshale ulikuwa unalala kwenye kona za kupanda tu na kurudi ukifika tambarare: oili ilikuwa pungufu, gari likiinua pua oili yote inakimbilia nyuma, na mdomo wa kunyonyea unabaki unavuta hewa. Lita nne tu zilimaliza ugonjwa ule. Mwenye gari alikuwa ameshaambiwa abadilishe pampu.

Oili ikiwa imepungua, jua imekwenda wapi. Ikiwa imezidi, ogopa zaidi. Oili haizaliani. Kiwango kikipanda bila wewe kuongeza, kuna kitu kimeingia, na kwa kawaida ni dizeli au maji.

Dizeli huingia kutoka kwenye nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza, au kutoka kwenye pampu ya dizeli. Kwenye malori mengi ya Kijapani ya zamani, pampu ile ya mstari mmoja hulainishwa na oili ya injini yenyewe, kwa hiyo ikichakaa ndani dizeli inateleza moja kwa moja hadi kwenye sampu. Kuna kipimo ambacho hakigharimu kitu. Chukua kipande cha karatasi nyeupe au upande msafi wa boksi la biskuti, dondosha tone moja la oili kutoka kwenye dipstiki, uiache usiku kucha sehemu isiyo na vumbi. Asubuhi utakuta kiini cheusi, ambacho ni masizi, na kukizunguka duara la hudhurungi, ambalo ni oili. Kama nje yake kuna duara la tatu, jepesi, linalopitisha mwanga ukiinua karatasi juani, hiyo ni dizeli iliyokimbia mbali kuliko oili. Hapo beringi zako zinaweza kuwa nzima kabisa. Zimenyweshwa uji mwepesi.

Maji unayajua: oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Yakiwa kidogo hayaonekani. Legeza nati ya sampu asubuhi kabla ya kuwasha, taratibu, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Maji ni mazito kuliko oili na hulala chini, kwa hiyo yatatangulia kudondoka. Au weka tone la oili kwenye kijiko kilichopashwa moto sana. Likitatarika kama mafuta ya maandazi yaliyodondokewa maji, umeshapata jibu. Kisha utafute chanzo: gasketi ya silinda hedi, mipira ya silivu, au kipozeo cha oili.

Hapa niseme jambo linalonikera. Gereji zetu nyingi zina mazoea ya kutoa themostati. Gari likichemka kidogo, fundi anaitoa na kuitupa, na mwenye gari anashukuru. Labda bondeni hutaona tofauti kubwa. Lakini gari linalotembea Iringa, Makambako na Mbeya bila themostati halipati joto lake sawasawa, hasa Juni hadi Agosti. Dizeli haiungui yote, inaosha kuta za silinda na kushuka kwenye oili. Mvuke unaojikusanya ndani haukauki. Baada ya miezi unafungua kifuniko cha oili unakuta ute mweusi kama ugoro uliolowana, na ute huo ndio unaokwenda kuziba wavu wa kunyonyea. Mtu ametibu joto, amezaa presha ndogo, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili. Ni kweli kwamba huku juu maji huchemka mapema, Mbeya mjini kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, lakini dawa yake ni mfuniko mzuri wa rejeta unaobana presha.

Oili ikiwa safi na iko kwenye kiwango, nenda kwenye umeme. Kwanza taa. Chomoa waya kwenye swichi ya oili, washa umeme bila kuwasha injini. Taa ikizimika, waya ni mzima. Ikiendelea kuwaka, waya umechubuka na unagusa bodi mahali fulani, mara nyingi pale unapopita karibu na ekzosti. Kwa mshale, angalia sensa yenyewe. Sensa nyingi zenye waya mmoja hupata hasi kupitia nyuzi zake zinapobana kwenye bloku, na mafundi wetu, kwa kuogopa kuvuja, huzizungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba mara tano. Tepu ile haipitishi umeme, na mshale unachanganyikiwa. Angalia pia kama aliyenunua sensa alinunua ya gari lako, siyo inayofanana nayo kwa nyuzi tu. Kwenye maduka ya vipuri pale Mwanjelwa utapewa inayoingia. Inayoingia siyo inayolingana.

Na baada ya yote hayo, usiamini sensa mpya. Funga geji ya mkono.

Geji yenyewe siyo kitu cha ajabu: uso wa mviringo unaosoma hadi bar 10, mpira unaovumilia oili ya moto, na viunganishi vya nyuzi tofauti, maana nyuzi za injini ya Ulaya mara nyingi hazilingani na za Kijapani. Fundi asiyekuwa nayo anatumia masikio, na mimi nimeshalipia masikio ya fundi. Inafungwa mahali sensa ilipotoka, kwenye mfereji mkuu wa oili. Usipime gari likiwa limelala usiku. Litembeze kwanza nusu saa likiwa na mzigo, ikiwezekana kwenye mlima, ndipo usome: bila kukanyaga, kisha mizunguko 1,000, kisha 1,500, kisha 2,000. Andika.

Majibu yakishakaa kwenye karatasi, husomeka kama uso wa mtu. Geji ya mkono ikisema bar 4 na dashibodi ikasema sifuri, mshukuru Mungu, nunua sensa, nenda zako. Presha ikiwa nzuri kwa baridi, ndogo kwa joto, lakini inapanda vizuri kila unapokanyaga, tatizo ni mianya iliyopanuka au oili iliyopungua uzito. Badilisha oili na chujio kwanza, pima tena, kabla hujataja neno beringi. Presha ikiwa ndogo hata asubuhi ya baridi, kwenye mizunguko yote, hiyo haina tabia ya beringi zinazochakaa taratibu. Shuku pampu, au valvu ya kupunguza presha iliyokwama wazi, au bomba la kunyonyea linalovuta hewa. Na kuna ile inayowasumbua wengi: presha inaanza vizuri, ukikanyaga kwa muda mrefu inashuka, ukipumzika inarudi. Huo ni wavu wa sampu ulioziba. Pampu inataka kunywa kuliko wavu unavyoruhusu.

Wavu huzibwa na nini? Mara nyingi na sisi wenyewe. Nimefungua sampu moja Mbeya nikakuta wavu umefunikwa na vipande vya gundi ya silikoni, vyekundu, vimejikunja kama funza. Fundi aliyefunga sampu kabla yetu alipaka gundi kama anayepaka siagi kwenye mkate. Inayobanwa nje unaiona na kuifuta; inayobanwa ndani inadondoka kwenye oili. Uzi mwembamba wa gundi unatosha, na mahali penye gasketi nzuri hata huo hauhitajiki.

Lakini kabla ya kushusha sampu, kuna ushahidi ambao tayari uko nje ya injini: chujio la oili. Usilitupe. Likate kwa msumeno wa chuma, polepole, ukipangusa chenga za msumeno mwenyewe usije ukazishtaki bure. Toa karatasi ya ndani, ikamue, itandaze juu ya gazeti kwenye jua. Pitisha sumaku. Vinavyoruka kwenye sumaku ni chuma, labda vya gia, ringi au kamshafti. Vinavyobaki ndivyo vya kutazama. Beringi ya kranki ina tabaka: mgongo wa chuma, juu yake madini ya jamii ya shaba, na uso laini wa rangi ya fedha unaogusana na kranki. Ukiona vumbi la rangi ya fedha lisilovutwa na sumaku, uso unalika. Ukiona chembe zinazong'aa kama shaba ya bangili, uso umekwisha na shaba imefikiwa. Hapo sina ubishi tena na fundi anayesema tushushe, na wewe usibishane naye.

Chujio lenyewe pia linaweza kuwa mwizi. Yapo yenye boksi zuri na nembo, ndani karatasi fupi iliyoshikwa kwa gundi mbovu, inaporomoka oili ikipata moto. Oili za kughushi nazo zipo, kwenye madumu yaliyokwishatumika. Tafuta alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), nunua kwa muuzaji mmoja unayemjua, na ukimaliza dumu litoboe kwa bisibisi. Dumu lako tupu ndilo litakalojazwa uchafu na kurudi kuuzwa kwako.

Sasa valvu ya kupunguza presha. Kazi yake ni kufunguka presha ikizidi, ili asubuhi za Mafinga oili nzito isipasue chujio. Chembe ya uchafu ikiishika wazi, oili inarudi kwenye sampu bila kufika juu, na kuisafisha ni kazi ya saa moja kwenye injini nyingi. Lakini kuna ujanja wa kuweka washa chini ya springi yake ili mshale upande. Fikiria kidogo uone upumbavu wake. Injini ikiwa moto na haikanyagwi, presha ni ndogo mno na valvu imeshajifunga. Kuikaza zaidi hakubadilishi chochote pale unapoumwa. Unachopata ni presha ya hatari wakati wa baridi, na chujio linalopasuka.

Washa hizo, oili nzito ya namba 50, na chupa za dawa ya kuongeza uzito ndizo zana za wauzaji wa malori yaliyochoka. Ukienda kununua, mwambie muuzaji uikute injini ikiwa ya baridi, uguse bloku kwa mkono, usikilize kuwashwa kwake, kisha mliendeshe lori mpaka lipate joto sawasawa, ndipo ufunge geji yako. Anayekuambia "haina haja, mzee, gari zima hili" amekwisha kukujibu.

Tukifika kwenye beringi, na wakati mwingine tunafika, usibadilishe beringi kwa macho. Kranki ipimwe kwa maikromita, kila shingo, sehemu mbili. Ikiwa imeliwa au ina michirizi, ichongwe, na beringi za kupunguza zinunuliwe kwa kipimo kilichochongwa: 0.25, 0.50, 0.75, au milimita 1. Beringi mpya kwenye kranki iliyopinda au yenye umbo la yai zitakufikisha Igawa tu. Na usisahau bushi za kamshafti na shafti ya roka. Hizo nazo ni midomo ya mpira uleule, na ni kawaida mtu kumaliza fedha zote chini, akaacha juu panavuja, halafu presha ikapanda kidogo tu na lawama ikaenda kwa pampu. Injini iliyofumuliwa karibuni ikiwa na presha ndogo, uliza pia kuhusu vile vimirija vinavyonyunyizia oili chini ya pistoni. Kimoja kikivunjika au kikisahauliwa, ni tundu kamili.

Kwa madereva nina neno moja tu hapa. Beringi nyingi za njia hii hazifi kwa kilomita, zinafia kwenye gia. Ukiwa na semi ya ekseli saba iliyofika tani 56 kwenye mizani ya Wenda, na ukang'ang'ania gia kubwa kwenye mlima mpaka injini inatetemeka kwa mizunguko 900, unaipiga kranki kwa nguvu yote wakati pampu inazunguka polepole na utando wa oili uko kwenye unyonge wake. Shusha gia mapema. Acha wakupite. Na ukifika juu, usizime papo hapo ukimbilie mahindi ya kuchoma. Iache ingurume dakika tatu au nne ili turbo ipoe.

Yule mzee wa Ipogolo alinipa desturi moja ambayo aliipata kwa baba yake. Baba yake aliendesha malori ya Fiat ya kampuni ya usafirishaji ya Zambia na Tanzania iliyoundwa mwaka 1966, baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965 na Zambia kulazimika kupitisha mafuta na shaba yake huku kwetu, kwenye barabara ya vumbi na tope ambayo magazeti ya Kiingereza yaliiita njia ya jehanamu. Ukikwama porini siku zile hukuwa na simu wala fundi wa pikipiki. Kwa hiyo baba yule alikuwa na daftari, na kila mara sehemu zilezile aliandika geji zinasemaje.

Mimi sasa ninalo, kwenye kisanduku cha dashibodi, na dereva wangu anaandika sehemu mbili: Mafinga asubuhi, na pale juu ya Kitonga injini ikiwa moto, bila kukanyaga na kwenye mizunguko 1,500. Oili ni aina ileile, muuzaji yuleyule. Mwaka jana mwezi wa tano Kitonga ilikuwa 1.6 na 3.8. Mwezi wa nane, 1.5 na 3.7. Mwezi wa kumi na moja, 1.2 na 3.2, tukapima kwa geji ya mkono, ikakubaliana na dashibodi. Karatasi haikuonyesha dizeli. Kwenye chujio kulikuwa na vumbi la fedha, shaba bado. Nimeshaagiza beringi, na kranki tutaipima kabla ya kuzifungua kwenye boksi. Februari, barabara za msituni Sao Hill zikiwa tope na mbao zimepungua, ndipo tutashusha.